Mshahara wa Mchezaji ni Deni, Siyo Fadhila

Maelezo ya Ofisa Habari wa Halmashauri mbele ya wadau wa michezo na wakazi wa kata



Nimeombwa nizungumzie swali linaloulizwa mara kwa mara vikaoni: wachezaji wanapodai mishahara na klabu haina fedha, nani abebe mzigo? Wapo wanaosema wachezaji wana tamaa. Wapo wanaotaka Halmashauri ilipe. Naomba tulitazame jambo hili kwa hesabu, tukiuweka ushabiki kando.

Tukumbuke msimu wa 2018/19. Ligi Kuu Tanzania Bara ilichezwa na timu 20 bila mdhamini mkuu, baada ya mkataba wa Vodacom kufikia kikomo. Kila timu ilikuwa na mechi 38, nusu yake ugenini. Timu ya Mtwara ilipaswa kufika Bukoba na Musoma. Ya Bukoba ishuke hadi Mtwara. Nauli, malazi na chakula cha kikosi havikopesheki kirahisi. Katika hali kama hiyo, kinachosubirishwa ni mshahara.

Mwaka 2021 neema iliingia. Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo ya televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu. Hata hivyo, fedha za ligi hugawanywa, na klabu ndogo hupata viingilio vya maana pale Simba au Yanga inapokuja. Klabu inayosajili kwa kutegemea mechi hizo mbili za nyumbani imejifunga kulipa miezi 12 kwa mapato ya siku mbili.

Mchezaji naye ana miaka michache ya kucheza, na mwenye nyumba wake hapokei ahadi. Kanuni za FIFA zinamlinda: klabu isipomlipa mishahara ya miezi miwili, anaweza kuipa notisi ya maandishi ya siku 15, isipolipa, ana haki ya kuvunja mkataba. Klabu humpoteza mchezaji, hudaiwa fidia, na yaweza kufungiwa usajili. Hivyo kuchelewesha mshahara hakupunguzi gharama, bali huziongeza. Dawa ya deni ni kulipa.

Jambo hili linagusa halmashauri pia. Mbeya City, klabu ya Jiji la Mbeya, ilishika nafasi ya 3 katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14. KMC ni zao la Manispaa ya Kinondoni. Timu za namna hiyo huleta heshima na ajira. Lakini mapato ya ndani ya halmashauri hutokana na ushuru na leseni za wananchi. Asilimia 10 yake, kwa mujibu wa sheria, ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Yanayobaki yanasubiriwa na zahanati, madarasa na barabara.

Kwa hiyo, napendekeza mambo matatu kwa klabu yoyote inayoomba mkono wa umma. Kwanza, jumla ya mishahara ipangwe kwa mapato yaliyokwisha kusainiwa, siyo yanayotarajiwa. Pili, fedha zikiingia, mishahara ilipwe kabla ya posho za viongozi na kabla ya usajili mpya. Tatu, mapato na matumizi yabandikwe kila robo mwaka kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, ili mchezaji anayedai na mwananchi anayechangia wasome hesabu moja.

Wachezaji, msisaini mkataba pasipo kubaki na nakala yake. Wananchi, kateni tiketi. Anayeingia uwanjani bure kwa kujuana na mlinzi anakula mshahara wa kijana anayemshangilia.