KADI BILA DAKTARI NI KARATASI
*Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama, Tawi la Nyamigogo*



Haya ndiyo niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa tawi. Nimeyaandika kwa sababu wengi mlikuwa shambani na wengine mlikuwa safarini. Someni hadi mwisho, kisha tujadili kwa heshima, bila matusi.

Naanza na swali aliloniuliza mama mmoja aliposikia habari za bima: "Katibu, nikikata kadi, pale zahanati nitamkuta nani?" Tabibu anayemtibu yeye na wajukuu zake amekwisha kusema kwamba akitimiza miaka 55 anaandika barua ya kustaafu kwa hiari. Mama yule siku ile sikumpa jibu. Leo najaribu.

*1. MABADILIKO YENYEWE*
Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Sisi wa vijijini tulikuwa tumezoea CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Tawi hili halipingi bima. Mwenye kadi hangoji mpaka auze mbuzi ndipo ampeleke mtoto kutibiwa.

Lakini tufikiri mbele kidogo. Mtu asiyeogopa gharama atakwenda kituoni mapema, na atakwenda mara nyingi. Foleni itarefuka. Kila mgonjwa wa bima ana fomu yake ya madai, na ikijazwa vibaya mfuko haulipi, kituo kinabaki bila fedha ya dawa. Kazi hiyo yote inamwangukia mtu yule yule aliyekesha jana usiku na mama mjamzito.

*2. UMRI WA KUSTAAFU*
Mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa kwa maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa: wao ni 60 kwa hiari na 65 kwa lazima. Sababu ilikuwa nzuri, maana bingwa hutengenezwa kwa miaka mingi na ni hasara kumpoteza angali na nguvu.

Sasa jiulizeni: bingwa anakaa wapi? Anakaa Bugando, anakaa Muhimbili. Kwetu huja kwa kambi ya siku chache. Mgeni njoo mwenyeji apone, ni kweli, lakini mgeni huondoka. Anayebaki ni daktari wa kawaida, tabibu na muuguzi, na hao hawamo katika nyongeza ile. Kuna na madaktari wasaidizi, ambao kwa miaka mingi ndio waliowapasua akina mama waliokwama uzazi katika hospitali za wilaya. Mafunzo yao yalisitishwa, kwa hiyo kila anayestaafu anaondoka bila mrithi wa ngazi yake.

*3. KIKOKOTOO*
Wengine wanadhani mtumishi anayewahi kustaafu ni mvivu. Si hivyo. Mtumishi anapiga hesabu. Waliokuwa PSPF na LAPF walizoea kupata nusu ya mafao kwa mkupuo. Mwaka 2018 mifuko iliunganishwa kuwa PSSSF na mkupuo ukashushwa hadi asilimia 25. Watumishi wakalalamika, na Desemba mwaka huo huo Rais Magufuli akausitisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikatangaza 40 kwa waliokuwa kundi la nusu, na 35 kwa wengine.

Mtu aliyeona kanuni ikibadilika mara zote hizo ndani ya miaka saba anakosa imani. Anajisemea: nikiwa na miaka 55 bado nina nguvu, nichukue changu, nikafungue duka la dawa au nitafute kazi hospitali binafsi. Tukiwa waungwana, tukubali kwamba wengi wetu tungefanya vivyo hivyo.

*4. SI MARA YA KWANZA*
Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara. Mwaka 1991 ikairuhusu tena, na daktari akapata mlango wa pili wa kutokea. Machi 2024 hospitali binafsi zilivutana na NHIF juu ya kitita kipya cha mafao, na baadhi zikasitisha huduma kwa wenye kadi. Watu walikuwa na kadi mkononi na hawakutibiwa. Hata Uingereza, nchi tajiri, mwaka 2023 ililegeza kodi ya pensheni, na sababu moja kubwa ilikuwa kuwazuia madaktari wazoefu wasistaafu mapema.

Funzo ni moja: kila unapogusa mfumo wa afya, umegusa maisha ya anayetibu. Usipomhesabu mwanzoni, atajihesabu mwenyewe na kuondoka.

*5. SISI TUNAJUA THAMANI YA MZOEFU*
Januari 2025 Marburg ilitangazwa hapa hapa Biharamulo. Watu kumi waliohesabiwa kuugua, wote walifariki. Machi 13 ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Ugonjwa kama huo huanza kwa homa inayofanana na malaria. Wa kwanza kukutana nao ni mtumishi wa zahanati aliyeona homa nyingi kiasi cha kusema, "Hii si ya kawaida." Jicho hilo halinunuliwi dukani. Huchukua miaka thelathini kulipata, na barua moja ya kustaafu inatosha kulipoteza.

*6. TUNACHOOMBA*
• Diwani wetu aombe kwenye Baraza la Madiwani idadi ya watumishi wa afya watakaofikia miaka 55 na 60 ndani ya miaka mitano ijayo, kituo kwa kituo. Hatutaki majina. Tunataka idadi, na mpango wa kuziba pengo.
• Halmashauri iwaombee kibali cha mkataba wastaafu wenye afya na nia, hasa vijijini, ili wawafundishe vijana wanaoajiriwa.
• Posho ya kuitwa kazini usiku ilipwe kwa wakati. Deni la posho humchosha mtu kuliko kazi yenyewe.
• Fomu za madai zipate mtu wa kuzijaza, tabibu abaki na mgonjwa.

*7. NA SISI JE?*
Tusiishie kudai tu. Mtumishi anayepanga chumba kinachovuja hatakaa. Ajenda ya nyumba ya mtumishi ikija kwenye mkutano wa kijiji, tusikimbie kuchangia mawe, mchanga na matofali. Pia tuache tabia ya kumtukana muuguzi kwa sababu dawa hazipo. Dawa hakuzila yeye.

Yule mama nitamjibu hivi: mama, kata kadi. Halafu njoo kwenye mkutano wa kijiji, uulize swali lako kwa sauti, mbele ya diwani, na liandikwe kwenye muhtasari.

Wasambazieni na wasio wanachama. Ugonjwa hauulizi kadi ya chama.


*Katibu wa Tawi, Nyamigogo*