Mbwa Hupumzishwa, Je Mtu?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Machakos)



Agosti 1998, bomu lilipobomoa majumba Nairobi, mbwa waliletwa kutoka Israeli kuwanusa watu chini ya kifusi. Mbwa akitweta kwa joto hanusi vizuri. Ndiyo maana hupewa maji, kivuli na zamu fupi.

Tarehe 26 Machi 2001, moto wa bweni la Kyanguli, hapa kwetu Machakos, uliua wavulana 67. Aliyewatoa maiti wale, nani alimpa kivuli?

Sisi twataka waajiri wawape askari wa zimamoto na watu wa ambulensi zamu fupi, siku ya kupumzika, na mtu wa kumweleza yaliyo moyoni. Kuomba anachopewa mbwa si aibu.

Umoja ni nguvu.