Watoto Wetu na Sheria: Hotuba kwa Mkutano wa Tawi

(Maneno haya yalisemwa na Karani wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyachapa kwa kuwa wengi waliokuwa zamu siku hiyo wameomba wayasome.)



Nimepewa nusu saa. Najua wengi wenu mmekuja kusikia habari za mishahara, na habari hizo zitafuata, kwa hivyo msiondoke. Lakini kamati imekubali nianze na jambo hili, kwa sababu limetugusa sisi wenyewe, na kwa sababu nina deni la kulipa.

Miaka kadhaa iliyopita mwanachama mmoja wa tawi hili alinijia ofisini. Jina lake silitaji. Alikuwa akifanya kazi zamu ya usiku, na mkewe alikuwa akiondoka alfajiri kwenda sokoni. Binti yao wa miaka tisa walimwachia jirani wa ploti ile ile, mtu mzima, mpole, aliyejulikana na kila mtu. Mtu huyo akamharibu mtoto. Mama aligundua, wakaenda hospitali, wakaenda polisi, mtu akashikwa. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda sawa.

Halafu ikaanza kesi. Siku ya kwanza faili haikuonekana. Siku ya pili hakimu alikuwa likizo. Siku ya tatu askari aliyechunguza alikuwa amehamishwa. Kila siku moja ya mahakamani ilikuwa siku moja ya mshahara kukatwa, na baada ya siku ya nne mwajiri akampa ndugu yetu barua ya onyo. Alikuja na barua ile mkononi akaniuliza, "Karani, chama kinaweza kunisaidia?" Mimi nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya nyumbani kwake, si mambo ya kazi. Ndivyo nilivyosema. Akaacha kwenda mahakamani. Kesi ikaanguka kwa kukosa mashahidi, na yule jirani akarudi ploti ile ile. Waliohama ni wao.

Sasa, ndugu zangu, nilipoanza kusoma habari za sheria hizi ndipo nilipoona jinsi jibu langu lilivyokuwa la ujinga.

Zamani makosa haya yalikuwa ndani ya Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na wakoloni, katika sura ya makosa dhidi ya adabu. Angalieni neno hilo. Kumwumiza mtoto kulihesabiwa pamoja na mambo ya kukosa adabu, na hakimu angeweza kumpa mkosaji kifungo kifupi akarudi nyumbani kabla kidonda cha mtoto hakijapona. Wananchi wakachoka. Vyama vya akina mama, mawakili na madaktari waliokuwa wakiwapokea watoto hospitalini walipiga kelele miaka mingi. Mwishowe Bi. Njoki Ndung'u, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa kuteuliwa na baadaye akawa Jaji wa Mahakama ya Juu, alipeleka mswada wake mwenyewe Bungeni. Haukuwa mswada wa Serikali. Wabunge wanawake walikuwa wachache sana katika Bunge lile, na wanaume wengine waliucheka, wengine wakaupinga wazi. Ilibidi vifungu kadhaa viachwe ili vingine vipite. Tena wakachomeka kifungu cha kusema kwamba atakayeshitaki kwa uongo apewe adabu ile ile ya mkosaji, jambo ambalo liliwatisha akina mama wengi wasishitaki kabisa. Kifungu hicho kilikuja kuondolewa baadaye. Sheria yenyewe, yaani Sheria ya Makosa ya Kingono, ilipata sahihi ya Rais Julai 2006 na ikaanza kazi mwezi huo huo.

Inasema nini juu ya watoto? Kifungu cha 8 kinasema anayemnajisi mtoto wa miaka kumi na mmoja kurudi chini, kifungo chake ni cha maisha. Mtoto wa miaka 12 mpaka 15, si chini ya miaka 20. Wa miaka 16 mpaka 18, si chini ya miaka 15. Na sheria inasema "mtoto", haisemi msichana peke yake. Nasisitiza hilo kwa kuwa tuna tabia ya kudhani mvulana hawezi kuharibiwa, na mvulana mwenyewe anaona haya kusema.

Wengine wameuliza kama adhabu hizo bado zipo, maana mahakama kadhaa zilianza kuzipunguza. Jibu ni kwamba zipo. Mwezi wa Julai 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kiwango cha chini kilichoandikwa na Bunge katika sheria hii lazima kifuatwe, mpaka Bunge lenyewe litakapokibadilisha. Mimi binafsi naona kuna mahali Bunge lingetazama tena. Kijana wa miaka 18 na rafiki yake wa miaka 17 waliopendana shuleni si sawa na mtu wa miaka 45 anayewavizia watoto wa jirani kwa peremende, na sheria isiyotofautisha hao wawili huwapa watu sababu ya kuichukia yote. Lakini hilo ni neno langu, kamati haijalikubali.

Niwasomee kifungu kingine, ambacho ningependa kila mwanachama akishike: kifungu cha 40. Kinasema kwamba uamuzi wa kuacha kuchunguza au kuacha kushitaki kosa la namna hii si wa askari wa stesheni. Uamuzi ni wa Mkuu wa Sheria, na tangu Katiba ya 2010 kazi ya mashitaka iko kwa Mkurugenzi wa Mashitaka ya Umma. Si wa chifu. Si wa wazee wa mtaa, wala si wa baba wa mtoto.

Mnajua kwa nini nalisema hili. Hapa tulipo kuna watu waliokwisha kukaa chini ya mti na kukubaliana mbuzi wawili na pesa kidogo, kesi ikaisha. Wazee husema, "Tusiharibu ujirani." Ndugu zangu, ninaheshimu wazee, na magomvi mengi ya mipaka na ya mahari wao huyamaliza vizuri kuliko mahakama. Lakini mtoto si mpaka wa shamba. Mbuzi wale huliwa na watu wazima.

Basi sheria ikapatikana, na wengi wakadhani kazi imekwisha. Hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu waliofanya kazi kubwa zaidi baada ya hapo ni watoto wenyewe, huko Meru.

Kulikuwa na nyumba ya kuwahifadhi wasichana walionajisiwa. Walipokwenda polisi, habari zao hazikuandikwa, au ziliandikwa zikalala, au watu walitakiwa watoe pesa kwanza. Sheria yenye kifungo cha maisha ilikuwapo kitabuni, na waliowaharibu walikuwa wakitembea barabarani. Mwezi wa Oktoba 2012, wasichana kumi na mmoja pamoja na shirika lililowatunza walikwenda Mahakama Kuu ya Meru. Hawakuwashitaki wale waliowanajisi. Waliishitaki Polisi na Serikali kwa kutofanya kazi yao. Ikaitwa kesi ya wasichana 160, kwa kuwa nyuma ya hao kumi na mmoja walisimama wengine wengi wenye habari ile ile.

Tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau alitoa hukumu. Alisema Polisi walivunja haki za watoto hao kwa kutochunguza upesi na kwa njia inayofaa. Alisema uzembe huo ndio unaowapa moyo wakosaji, wakijua kwamba hakuna kitakachowapata, na kwa hiyo hao wasiochunguza wana sehemu ya lawama ya madhara yaliyowapata watoto. Akaamuru uchunguzi ufanywe kama inavyopasa. Fikirini, mtoto asiyeweza kusoma maneno ya hati ya mahakama ameifundisha Polisi ya nchi nzima kazi yake.

Mwezi mmoja hivi baadaye, Juni 2013, binti wa miaka 16 huko Busia alishambuliwa na kundi la wanaume akitoka matangani, wakamtupa shimoni. Watu wa kijiji waliwashika watatu wakawapeleka kituoni. Adhabu waliyopewa ni kufyeka majani ya kituo, kisha wakaambiwa waende nyumbani. Kufyeka majani! Gazeti likaandika habari hiyo, na wananchi wa hapa na wa nchi za nje wakatia sahihi zao, zikapita milioni moja. Oktoba 31 mwaka huo watu waliandamana Nairobi kumpelekea Inspekta Jenerali wa Polisi sahihi hizo, na wengine walibeba mafungu ya majani. Kesi ilipelekwa mahakamani, na Aprili 2015 watu watatu walihukumiwa miaka 15 kila mmoja.

Nani aliyefanya kesi hiyo isife? Watu wa kawaida waliokataa kunyamaza. Sisi wa chama tunaijua njia hiyo. Hakuna nyongeza ya mshahara iliyopatikana hapa kwa sababu mwajiri aliota ndoto nzuri.

Sasa nije kwetu. Kuna mambo ambayo nataka mkutano huu uyajadili, na la kwanza litawaudhi wengine.

Kama mwanachama wetu ameshitakiwa kwa kosa la namna hii, chama kitafanya nini? Ana haki ya kusikilizwa, na hakuna mtu wa kuhukumiwa kwa uvumi wa sokoni. Lakini kumtetea mtu asikilizwe si sawa na kumficha. Nimesikia habari za mahali pengine ambapo wakubwa wa kazi na watu wa chama walikaa pamoja wakampa mtu uhamisho, akapelekwa mahali pengine penye watoto wengine. Walimu wameonywa wazi: barua ya Tume ya Kuajiri Walimu nambari 3 ya mwaka 2010 inasema kwamba mwalimu anayejua na kuficha naye atatiwa adabuni. Na kifungu cha 24 cha sheria ile ile kinampa mwalimu au mfanya kazi wa shule anayetumia cheo chake kumharibu mwanafunzi kifungo kisichopungua miaka 10. Napendekeza tawi letu liandike katika kitabu cha kumbukumbu kwamba hatutaomba uhamisho wa mtu kama huyo, wala hatutakaa katika mapatano yoyote ya kumaliza kesi pembeni.

La pili ni siku za mahakama. Sheria ya Kazi ya 2007 inatupa likizo ya mwaka ya siku 21, inataja likizo ya ugonjwa, ya mama mzazi miezi mitatu, ya baba wiki mbili. Siku za mzazi kumpeleka mtoto wake kutoa ushahidi haizitaji. Samansi ni amri ya mahakama, lakini mfanya kazi anayeitii anapoteza mshahara, na akiitii mara nne anapata barua ya onyo. Katika mapatano mapya na mwajiri tudai siku hizo zilipwe, kwa karatasi ya mahakama tu, bila mtu kulazimishwa kueleza wakubwa wake mtoto alifanywa nini. Hili halimgharimu mwajiri pesa nyingi. Kesi ya ndugu yetu niliyemtaja ingesimama kwa siku sita au saba za mshahara.

La tatu ni kwa mbunge wetu. Sheria inataka Msajili wa Mahakama Kuu aweke daftari la watu waliohukumiwa kwa makosa haya, na mtu aliyehukumiwa akificha hukumu yake anapoomba kazi ya kutunza watoto amefanya kosa. Ni maneno mazuri. Lakini mwenye shule ndogo ya ploti, au mama anayetafuta mtu wa kumwachia mtoto, atamwuliza nani? Tudai njia nyepesi ya kuuliza, hapa hapa wilayani, bila kusafiri Nairobi. Tena tudai dawati la watoto la stesheni yetu lipewe gari au pesa za petroli, ili askari asiwe na kisingizio cha kumwomba mama maskini nauli.

Kabla sijakaa, maneno machache kwa wazazi, maana aliyeuliza mlangoni nilimwahidi. Mtoto akikuambia, usimpige na usimwogeshe. Nguo alizovaa usizifue, zitie katika mfuko wa karatasi. Mpeleke hospitali ya Serikali siku ile ile, kwa kuwa dawa ya kuzuia ukimwi haifai tena ikipita saa 72. Sheria inasema matibabu hayo yalipwe na Serikali. Fomu ya P3 ya polisi haiuzwi. Ukiogopa kwenda peke yako, piga 116, simu ya watoto, haina malipo na inajibiwa mchana na usiku. Au mje ofisini kwangu, nami nitakwenda nanyi. Mara hii sitasema kwamba si mambo ya kazi.

Barua kwa mbunge nimekwisha kuichapa, iko mezani kwa mweka hazina. Wanaotaka kutia sahihi watie kabla ya kupokea kadi zao. Bwana Mwenyekiti, naleta hoja hizi tatu mbele ya mkutano, na naomba mtu wa kuniunga mkono.