GARI LIKIKATAA KUWAKA, TUSIKIMBILIE KUNUNUA BETRI

(Mazungumzo ya dereva wa chama mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani na baharini.)

 

Nimetakiwa nieleze kwa nini Land Rover letu linakataa kuwaka, na kama ni lazima tutoe fedha za mwani tununue betri mpya. Ndugu wanachama, hili si jambo la dereva peke yake. Gari lile ndilo linalobeba samaki na mwani wetu, na ndilo linaloamshwa usiku mzazi akizidiwa apelekwe Hospitali ya Wilaya pale Bagamoyo. Wiki iliyopita lilikataa saa nane za usiku, mama yule akapakiwa kwenye pikipiki na uchungu wake. Alifika salama, tunamshukuru Mungu. Lakini njia yetu ya kutokea barabara ya lami mnaijua ilivyo wakati wa masika.

Basi jibu langu ni kwamba betri ile bado haijapimwa, na mimi siungi mkono kuinunulia mwenzake kabla ya kuipima.

Gari letu ni la namna ile ya Series III, zilizotengenezwa toka 1971 hadi 1985. Halina kompyuta hata moja. Injini ya petroli kama ile inataka mambo matatu tu: izungushwe kwa nguvu, ipate cheche, ipate mafuta. Mtu mwenye macho na masikio anaweza kujua lipi limekosekana.

Kwanza sikiliza. Ukizungusha ufunguo, je, kimya? Je, inalia "tak" halafu basi? Je, injini inazunguka kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa usingizini? Au inazunguka vizuri kabisa lakini haishiki? Kama inazunguka vizuri, achana na betri, haina kosa. Wengi hapa hawapendi kusikia hivyo, maana betri ndiyo inayosingiziwa kila siku.

Sasa washa taa kubwa, mwenzio asimame mbele aziangalie, halafu piga stata. Taa zikibaki na mwanga wake na stata iko kimya, umeme haufiki kwenye stata: tafuta waya uliochomoka au swichi yake. Taa zikififia mpaka zikazimika, betri imekwisha chaji, au umeme unazuiliwa njiani. Hapo ndipo watu wanapokimbilia dukani, na hapo ndipo ninapowaomba tusimame kidogo.

Gari hili linashuka ufukweni kila siku kupakia. Maji ya chumvi yanarukia chini, na upepo wa bahari unaingia kila mahali. Bati la nyumba zetu mnaliona linavyoliwa. Na waya vilevile. Angalieni vichwa vya betri: kuna unga mweupe na wa kijani. Unga ule unazuia umeme. Ukipiga stata mara mbili tatu kisha ukagusa kibano kikawa cha moto, ujue kosa liko pale pale.

Tena kuna waya wa athi, ambao watu wanausahau kabisa. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo umeme hauna njia nzuri ya kurudi kwenye betri ila kwa waya ule mpana uliosukwa, unaounganisha injini na chasisi. Wa kwetu nimeulalia chini nikauona: nyuzi nyingi zimekatika kwa kutu. Betri mpya ikifungwa kwenye waya ule, kesho tutarudi hapa hapa kwenye mkutano.

Kusafisha si kazi kubwa. Fungua kwanza kibano cha waya unaokwenda kwenye bodi, na wakati wa kufunga kiwe cha mwisho. Osha kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, lakini magadi yasiingie ndani ya betri. Kausha, piga msasa mpaka risasi ing'ae, kaza, ndipo upake grisi. Na vijana, sigara na kiberiti mbali! Betri inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Baada ya hapo tuichaji, tuiache ipumzike, tuipime kwa mita. Betri nzima iliyojaa huonyesha kama volti 12.6. Ikishindwa kukaa na chaji, hapo nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono inunuliwe.

Kama injini inazunguka lakini haishiki, fungua plagi moja uiangalie. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, ama cheche hakuna ama umevuta choki kupita kiasi. Kwa kosa hilo la choki, irudishe, kanyaga mafuta mpaka chini bila kupampu, kisha piga stata. Usizidishe sekunde kumi, iache ipumzike.

Asubuhi za masika fungua kifuniko cha distributa ukifute ndani kwa kitambaa kikavu. Unyevu kidogo tu unapoteza cheche. Zile pointi mbili zinazogusana na kuachana, nafasi yake iwe kama milimita 0.4.

Mafuta ya madumu nayo yana lake. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya dumu. Kwa hiyo usimimine mpaka tone la mwisho.

Kusukuma? Linawaka, ndiyo, ukiwa gia ya pili, lakini kama betri haina umeme kabisa hata koili haitatoa cheche, mtasukuma mpaka Kaole. Na hendeli ya mbele, tafadhali, kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudisha teke, mkono unavunjika.

Naiomba Kamati, badala ya betri, itoe fedha za waya mmoja wa athi, grisi, msasa na plagi nne. Na chini ya gari paoshwe kwa maji baridi ya kisima kila likitoka ufukweni. Jumamosi baada ya sala ya alasiri nitakuwa ghalani na mita ya kuazima. Wapiga kura wa betri mpya waje pia, taa tutaziangalia pamoja.