Namba Imepatikanaje?

Ndugu Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi na walezi, nanyi wahitimu wa elektroniki: hongereni sana.

Nitazungumzia kazi mliyoifanya karakanani: kupima volteji ya RMS kwa maikrokontrola. Wazazi mtanivumilia kidogo.

Umeme wa volti 230 hupanda hadi karibu volti 325, kisha hushuka kiasi hichohicho chini ya sifuri, mara 50 kila sekunde. Ukitafuta wastani wake, unapata sifuri. Lakini pasi inaunguza! Ndiyo maana kila kipimo tunakizidisha kwa chenyewe ili hasi zitoweke, tunatafuta wastani, kisha kipeuo cha pili. Jibu, ndiyo RMS yenyewe, ni 230: volteji ya mkondo mnyoofu ambayo ingeipa pasi ileile joto lilelile.

Kanuni ni fupi. Ugumu uko kwenye uangalifu. Pini ya Arduino Uno, bodi ya maikrokontrola mliyoitumia, haipokei volteji hasi, basi mnashusha umeme kwa transfoma na rezista, kisha mnaliinua wimbi kwa volti 2.5. Usipoziondoa hizo 2.5 kabla ya kuzidisha, zitaingia kwenye jibu. Usipopima mizunguko kamili ya milisekunde 20, jibu litayumba. Na mraba wa 200 ni 40,000, ilhali namba ya biti 16 yenye alama huishia 32,767. Programu itakupa hasi, wala haitalalamika.

Kwa nini tuhangaike, na mita za bei nafuu zimejaa madukani? Nyingi hupima wastani wa wimbi lililogeuzwa upande mmoja, zikazidisha kwa 1.11, zikichukulia kwamba kila wimbi ni laini kama la gridi. Ukiipima inveta ya sola yenye wimbi la ngazi, inayotoa volti 230 halali, mita hiyo yaweza kusoma 180 hivi. Fundi asiyejua ataifungua inveta nzima, na mteja atalipia ubovu usiokuwapo.

Wahitimu, huko kazini mtapewa namba nyingi, na kila namba imebeba dhana ya aliyetengeneza kipimo. Kabla hamjaiandika kwenye ripoti, ulizeni: imepatikanaje, na kwa wimbi gani? Mteja hajui kuliuliza swali hilo. Anawalipa ninyi mlijue.

Nawatakia kazi njema.