Shina la Mali na Matunda Yake

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuruzuku bila ya kuishiwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya, ndugu zangu Waislamu, mliohudhuria hapa na mnaotusikiliza majumbani: nakuusieni nyinyi, na naiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na dhahiri, sokoni kama msikitini.

Maudhui yetu leo ni biashara, na khasa biashara inayotakiwa iishi baada ya mwenyewe kuondoka duniani. Huenda mtu akauliza: mambo ya duka yanaingiaje katika mimbari? Jawabu ni kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, nayo imo katika Suratul Baqara, yahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Jambo alilolitukuza Mola wetu, sisi ni nani hata tulidharau?

Nimeketi mara nyingi na warithi kugawa mirathi. Siku moja walinijia watoto sita wa mfanyabiashara mmoja, marehemu, mtu mwaminifu asiyepunja mizani. Mwanawe mkubwa alikuwa amesimama naye dukani miaka 17; akifungua alfajiri, akifunga usiku, akisafiri kuleta bidhaa. Hakuwa na mshahara unaojulikana, wala hakuandikwa kuwa mshirika. Baba akimwambia tu, "Duka hili ni lako, mwanangu." Siku ya kugawa, kijana akadai nusu ya duka kwa jasho lake. Nduguze wakamjibu: "Ulikuwa ukimsaidia baba, kama sisi sote tulivyomsaidia." Nikatafuta hati, sikuipata, nikatafuta shahidi, sikumpata. Wadai nao wakaja, kila mmoja na hesabu yake, na madeni yote marehemu alikuwa ameyaweka kichwani. Ikabidi vitu viuzwe. Mwaka haukwisha, duka lililojengwa kwa umri mzima likafungwa, na ndugu wa tumbo moja wakawa hawaamkiani.

Ndugu zangu, marehemu yule hakuwa mvivu wala dhalimu. Alijua kuichuma mali, lakini hakuiandalia msimamizi wa baada yake.

Sasa na tumtazame Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie. Alipata ardhi huko Khaibar, mali iliyokuwa bora machoni pake kuliko yote aliyowahi kuipata. Akenda kwa Mtume (S.A.W.) kutaka shauri. Mtume akamwelekeza kuwa, akipenda, alizuie shina la mali ile na ayatoe sadaka matunda yake. Umar akaifanya wakfu: isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Mapato yakawa ya mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni, na ya kuwakomboa watumwa. Msimamizi aliruhusiwa kula kwa wastani bila ya kujilimbikizia. Tena jambo hilo likaandikwa, na msimamizi akatajwa: bintiye, Bibi Hafsa, kwa muda wa uhai wake, na baada yake mwenye rai njema katika jamaa zake. Umar alipofariki mwaka 23 wa Hijra, hakuna aliyehitaji kuuliza nani atasimamia.

Duka lako si wakfu. Utakapokufa litarithiwa kama Sharia ilivyoamrisha. Lakini tadbiri ya Umar yatufaa sote. Shina halikuliwa, ulaji wa msimamizi uliwekewa mpaka, jambo liliandikwa, na wa kuishika kazi alijulikana kabla ya mauti.

Basi, kwanza, tenga mtaji na matumizi ya nyumbani. Jiandikie posho ya mwezi, wala usiingize mkono katika kisanduku cha duka kila ijapo harusi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza.

Pili, fanya hesabu kila mwaka. Zaka yenyewe yatulazimisha: mali ya biashara ikitimiza mwaka na kufika nisabu, nayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, hutolewa mbili na nusu katika kila mia. Atatoaje kwa haki asiyejua alichonacho?

Tatu, mwanao anayekutumikia dukani mpe mshahara wa haki, au mfanye mshirika kwa hati na mashahidi, nawe ungali hai na mwenye akili timamu. Ujira wa kazi si upendeleo. Wala usimwekee haki yake katika wasia, kwani wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wenziwe wakiridhia.

Nne, mfundishe mwingine kazi. Mpe funguo, mwonyeshe wanaokuuzia na wanaokudai, mwache akosee nawe ungalipo kumsahihisha. Mchague kwa amana na rai yake, si kwa umri peke yake. Na mabinti msiwasahau.

Enyi wanafunzi, nanyi mna fungu lenu. Hesabu mnazofundishwa si za mtihani tu. Leo jioni, baada ya sala, kaa na baba yako, au na mama yako mwenye genge lake, uchukue daftari na kalamu, umwombe kwa adabu akutajie nani anamdai na nani anadaiwa. Huenda mistari hiyo michache ndiyo itakayohifadhi udugu wenu kesho.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika chumo la halali, tuepushe na dhulma ya mali, na uziunganishe nyoyo za watoto wetu baada yetu. Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.