Ng'ombe wa Kuazima Katika Kompyuta



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya kuandika programu za kompyuta. Nitawasimulia kosa langu moja, kisha dawa yake.

Mwaka 1998 niliiandikia ofisi moja ya kununua kahawa, hapa hapa Moshi, programu ya malipo kwa lugha ya C. Kompyuta ile ilikuwa na kumbukumbu ndogo, nikaona ni ubadhirifu kila kituo kuwa na orodha yake ya bei. Nikaweka orodha moja, na kila kituo nikakipa kielekezi, yaani anwani ya mahali orodha ilipo. Siku moja kituo cha juu kabisa mlimani kikaongezewa makato ya usafiri. Nikapunguza bei yake. Kumbe nimepunguza bei ya vituo vyote! Zikapita siku kumi. Mama mmoja wa kituo cha chini, ambako gari hufika mlangoni, akaja na risiti mbili, ya kabla na ya baada, akaniuliza kahawa yake imekosa nini. Fedha zilirudishwa, lakini alikuwa amekwisha kuuza mbuzi alipe ada ya mtoto. Mbuzi hakurudi.

Kwa hofu nikanakili kila kitu kwa kila kituo. Kompyuta ikawa inatambaa kama kinyonga.

Njia ya katikati ilikuwako zamani. Katika Linux, programu ikizaa nyingine, mzazi na mtoto hutumia kurasa zile zile za kumbukumbu, kwa kawaida za baiti 4,096 kila moja. Ukurasa hunakiliwa pale tu mmoja wao anapotaka kuuandika. Lugha ya Rust, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2015, inatupa jambo hilo mkononi kwa kielekezi kiitwacho Cow. Jina ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kunakili wakati wa kuandika, lakini kwa Kiingereza pia ni ng'ombe. Mimi mtoto wa mlimani nilicheka peke yangu.

Wazee wetu walimpa jirani ng'ombe amtunze. Jirani alipata maziwa, na samadi ya migomba, kumchinja, hapana. Cow nacho huanza hivyo: kimeazima orodha, kinaisoma bila kuinakili. Ukitaka kuibadili unaita to_mut, nayo hunakili kwanza, ndipo unaandika katika nakala yako. Orodha ya mwenyewe haiguswi. Mara ya pili hakuna kunakili tena, maana sasa ni mali yako. (Hapa mfano wangu unakwama, kwani hakuna jirani aliyewahi kunakili ng'ombe!)

Wako ndugu zake wawili, Rc na Arc, ambao huhesabu wanaoshirikiana kitu. Ukiita make_mut na uko peke yako, kitu hubadilishwa pale pale. Wakiwapo wengine, unapewa nakala.

Vijana wasikitie Cow kila mahali. Kama kila kituo hubadili bei kila siku, nakala zitafanyika tu, na umeongeza ukaguzi bure. Lakini vituo vyangu vilikuwa kumi na vinne, na kilichobadilika ni kimoja. Nakala moja ingetosha.

Ndugu Mwenyekiti, naona chai imeletwa.